Nataka Kwenda Ulaya Kutalii, Mnashangaa Nini?

Nikisema pale kijiweni kwetu kwamba nakusanya hela za kwenda Ulaya, na kwamba nataka kwenda Februari, kwenye baridi yenyewe, hakuna anayeniuliza neno juu ya Ulaya. Swali ni moja tu: "Nani anakuchukua?" Nikijibu kwamba hakuna anayenichukua, naenda kutembea wiki tatu na kurudi, watu wanaangua kicheko. "Mshikaji, ukifika zama, usiwe mjinga!" Mjomba wangu yeye hakucheka. Alinyamaza kwanza, kisha akaniambia nisije nikamliza mama yangu. Kwake yeye, kijana akishaondoka kwenda majuu amekwisha potea.

Vijana wenzangu mnaoandika, leo naomba tugombane kidogo. Nasema hivi: kukubali kwamba mtu wa Singida hawezi kufika Ulaya ila apelekwe au azamie ni kujidharau, na dharau hiyo imeingia mpaka kwenye miswada yetu.

Nimesoma miswada ya wenzangu, na wa kwangu wa kwanza ni haohao. Mhusika mkuu anapanda ndege mwisho wa sura ya nne. Sura ya tano huyo, amerudi na begi la magurudumu na Kiswahili cha puani. Katikati hapana kitu! Kama kipo, basi ni theluji. Inadondoka London mwezi wa saba, imejaa kwenye kila paa, kama tulivyoiona kwenye video. Hakuna anayetuambia nani anaifagia, nguo zinakauka vipi, au mzee asiye na mtu anakwendaje dukani njia ikiwa inateleza. Hatujui, kwa hiyo tunaruka.

Na si kwamba hakuna waliotutangulia. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake, Mjerumani Theodor Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Akaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 1901 masimulizi yake yakachapishwa Göttingen katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Kabla yake Amur bin Nasur wa Zanzibar alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili, naye akaacha maandishi juu ya maisha yake kule. Baadaye Ebrahim Hussein akaenda kusoma Berlin. Said Ahmed Mohamed akafundisha Bayreuth. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza.

Hebu hesabu: mtumishi, mwalimu, mwanafunzi, mkimbizi. Wote nawavulia kofia. Lakini mtalii yuko wapi? Yuko wapi mtu wetu aliyekwenda kwa hela yake, akatazama anachotaka, akachoka, akarudi nyumbani na kutusimulia kwa lugha yetu? Wenzetu wanakuja siku kumi, wanapanda Kilimanjaro, wanapiga picha simba, wakirudi kwao wanaandika kitabu kizima juu yetu. Hakuna anayewauliza nani amewachukua.

Sisemi mlango uko wazi. Pasipoti ni shilingi 150,000. Viza ya Schengen, inayokuingiza nchi 29, ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na mara ya kwanza lazima uende mwenyewe ukatoe alama za vidole. Kwangu maana yake ni basi mpaka Dodoma, treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, na kulala kwa watu. Mzungu kutoka nchi nyingi za huko anashuka uwanjani kwetu na dola zake 50, anagongewa muhuri, anapita.

Halafu linakuja lile la kuthibitisha kwamba utarudi. Mwenzetu mmoja alinyimwa na ubalozi fulani kwa sababu hiyo tu: wameshindwa kuridhika kwamba ataondoka muda ukiisha. Aliporudi, kijiweni wakamwambia, "Si tulikwambia?" Hapo ndipo nilipokasirika. Ubalozi haumjui. Sisi tumekua naye, tunamjua mama yake, na bado tuliamini kama ubalozi ulivyoamini!

Mimi ushahidi wangu ni alizeti. Nimelima ekari tatu. Napanda mvua zikishika, Desemba, napalilia Januari, na mavuno ni Mei au Juni. Katikati ninazo hizo wiki tatu. Fomu haina mahali pa kuandika alizeti, wala pa kuandika "anatunga riwaya", lakini taarifa ya benki itaonyesha hela ya mavuno inaingia kila mwaka, na barua ya serikali ya kijiji itasema shamba ni langu. Kama haitoshi, nitaomba tena mwaka unaofuata.

Wapo wanaosema, kwa hela hiyo si ungejenga chumba? Ningejenga. Tena wanasema, umeshafika Zanzibar wewe? Bado, na nitakwenda. Lakini mbona kijana akinunua pikipiki ya mkopo haambiwi aanze na Zanzibar? Na wale waliozamia wakabeba boksi, siwatukani. Wametujengea nyumba na kusomesha wadogo zetu. Ninachokataa ni kwamba hadithi yao iwe hadithi pekee ya Mswahili Ulaya.

Kwa nini baridi? Kwanza, shamba ndivyo linavyoniruhusu. Pili, Februari watalii ni wachache na nauli huwa afadhali kuliko kiangazi chao. Tatu ni lugha. Saa zetu za Kiswahili zinafuata jua, na huku Singida saa moja asubuhi ni asubuhi mwaka mzima. Helsinki, mwanzoni mwa Februari, jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo. Nikiandika "saa moja asubuhi, giza totoro", msomaji wangu wa Manyoni atadhani ni kosa la mpiga chapa. Nataka kusimama pale nione sentensi hiyo inaandikwaje.

Njia nimeshaichora. Berlin kwanza, kwa ajili ya Amur bin Nasur. Göttingen, nikaone mji uliotoa kitabu cha Selim. Kisha mabasi: Poland, Lithuania, Latvia, mpaka Tallinn, na meli ya saa mbili hivi kuvuka mpaka Helsinki. Viza ni moja njia nzima, na siku nyingi zitakuwa Ujerumani.

Koti ninalo tayari. Nilinunua sokoni hapa Singida, kwenye mitumba, zito la manyoya, muuzaji akafurahi kulitoa maana nani atalivaa huku? Ndani ya kola lina lebo ya Kijerumani. Koti lilikuja mpaka kwetu na hakuna aliyeliuliza litarudi lini.

Basi, nawaomba mambo mawili. Mwenye mswada ambao mhusika anakwenda Ulaya, asiruke ile sura ya katikati. Kama hajui, atafute aliyefika amuulize mpaka achoke. La pili, siku mkinikuta stendi na koti mkononi, msiniulize nani ananichukua. Niulizeni nitarudi lini. Nitawajibu: kabla ya mavuno.