Mshauri wa mpakani asiwe na dawa moja

Mzigo ukizuiliwa mpakani, hasara ya kwanza huonekana kwa macho. Nyanya zinaanza kutoa maji, samaki wanaharibika, dereva anadai pesa ya kulaza gari. Hasara ya pili haiandikwi kwenye karatasi yoyote ya forodha. Mama mwenye mzigo anarudi nyumbani na usingizi hauji. Anahesabu deni la kikundi, deni la jirani na ada ya mtoto. Mume akiuliza pesa ziko wapi, anajibiwa kwa ukali au hajibiwi kabisa. Wiki ya pili hamu ya kwenda sokoni imekwisha, na kila akiona sare ya ofisa moyo unamwenda mbio. Akiulizwa ana nini, hujibu neno moja: "Mawazo."

Ndani ya neno hilo mna mambo manne tofauti: deni, ndoa iliyoingia baridi, mwili usiotulia na biashara iliyosimama. Hapo ndipo ushauri nasaha wa njia moja unapokwama. Mshauri aliyezoea kusikiliza tu atasikiliza vizuri, lakini deni litabaki pale pale. Aliyezoea kurekebisha fikra tu atamtaka apime kama woga wake una ushahidi, na mama atamjibu kwamba ushahidi anao, mzigo ulikamatwa kweli. Kiongozi wa dini atamwombea na kumtia nguvu, ila nyumbani hali haijabadilika. Ofisa wa mikopo atampangia ratiba ya kulipa, ratiba ambayo mtu asiyelala siku kumi hawezi kuifuata.

Kila mmoja kati ya hao ana kipande cha dawa. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyefundishwa kuviunganisha vipande hivyo kwa mpangilio. Wafanyabiashara wa mipakani wanastahili mshauri wa namna hiyo, na vyama vyao vina haki ya kumdai.

Jambo hili limeshajaribiwa barani Afrika, tena kwa watu wa kipato cha chini. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa jijini Harare kutoa ushauri wakiwa wamekaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Washona nao wana neno lao kwa hali hii, "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi humwuliza mgonjwa maswali 14, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo. Baadaye mgonjwa hukaribishwa kwenye kikundi, ambako wanawake huzungumza huku wakisuka mikoba ya kuuza. Hapo tayari kuna njia tatu: kutatua tatizo, kushikana mikono na wenzake, na kurudisha mkono kwenye kazi. Utafiti uliowahusisha watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ushauri wa vikao vitano, kila kimoja cha dakika 90, mara moja kwa wiki. Ndani yake kuna mambo manne: kutuliza mwili kwa kupumua taratibu, kutatua tatizo hatua kwa hatua, kurudia shughuli zilizoachwa, na kujenga upya msaada wa ndugu na marafiki. Mwongozo huo ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421 waliowahi kutendewa ukatili, na waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu kubwa zaidi kwa waliopata vikao hivyo.

Uganda nayo ina somo lake. Katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, upande ambao barabara ya Mutukula hupita, watu wenye sonona walikutana katika vikundi kwa wiki 16 wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba sonona ilipungua sana kwa waliohudhuria. Kwa mama ambaye tatizo lake kubwa ni ndoa iliyopoa, kikundi cha aina hiyo kinaweza kumfaa kuliko darasa la mikopo.

Mfano unaogusa mfuko zaidi unatoka Liberia. Jijini Monrovia, vijana wa kiume walioishi kwa wizi na vurugu waligawanywa. Wengine walipata wiki nane za tiba ya kubadili fikra na mwenendo, wengine walipewa dola 200, wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Tiba peke yake ilisaidia, lakini baada ya mwaka nguvu yake ilififia. Waliopata tiba pamoja na pesa ndio walioendelea kubaki mbali na uhalifu, na tofauti hiyo bado ilionekana miaka kumi baadaye. Wafanyabiashara si wezi, lakini somo linawahusu. Utulivu wa akili usio na mtaji haudumu, na mtaji ukiingia kwenye akili iliyovurugika huyeyuka.

Wapo wataalamu wanaopinga kuchanganya njia. Husema mshika mbili moja humponyoka, na hoja yao ina uzito. Wako washauri ambao kuchanganya kwao ni kubahatisha: leo maombi, kesho mazoezi ya kupumua, keshokutwa habari za utotoni, na mteja analipa kila mara bila kujua anaelekea wapi. Hilo ni kosa na linafaa kukemewa. Lakini mifano iliyotajwa hapo juu haikubahatisha. Katika kila mmoja kulikuwa na mpango ulioandikwa, mafunzo, msimamizi mwenye ujuzi mkubwa zaidi na siku ya kupima maendeleo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole viwili navyo lazima vikutane mahali pamoja.

Mfanyabiashara anaweza kutofautisha mshauri mzuri na mbabaishaji kwa maswali matatu. Tunaanza na tatizo lipi? Kwa nini tunatumia njia hii? Lini tutapima kama imesaidia? Mshauri asiyeweza kujibu kwa maneno ya kawaida hafai kulipwa. Na mtu anayewaza kujiua, anayesikia sauti wasizosikia wengine au aliyezama katika pombe anahitaji kupelekwa hospitali haraka. Mshauri mwema ni yule anayejua mpaka wa uwezo wake.

Wafanyabiashara wenyewe wanaujua mpangilio huu kuliko watu wengi. Zamani mtu alipanga foleni ya uhamiaji na forodha upande mmoja, akavuka, akaanza upya upande wa pili. Vituo vya huduma za pamoja, kama vile Busia na Namanga vilivyozinduliwa rasmi mwaka 2018, viliwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kila idara ilibaki na kazi yake, isipokuwa msafiri aliacha kuhangaika kati ya majengo. Ushauri nasaha unahitaji utaratibu wa namna hiyo: mtu asimulie shida yake mara moja, faili liwe moja, na msaada upangwe kwa zamu.

Haja yenyewe si ya kubuni. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, ulikaa hadi Januari 31, 2022 ndipo ukafunguliwa. Mwaka 2020 corona ilizuia wavukaji wa miguu huku malori yakiruhusiwa, na akina mama wa Goma na Rubavu waliozoea kuvuka kila siku wakabaki na vikapu vitupu. Mikutano ya kikanda ilizungumzia tani na ushuru. Waliopoteza mitaji waliachiwa kujiuguza wenyewe.

Gharama ya kuanza si kubwa. Vyama vya wafanyabiashara wanawake vichague wanachama wachache wanaoaminika na kutunza siri, wapewe mafunzo ya vikao vitano, na hospitali ya wilaya itoe msimamizi. Siku ya soko, mshauri mmoja akae karibu na dawati linalotoa habari za biashara, penye chumba cha kufunga mlango. Vikoba na vyama vya kuweka akiba viwe na kanuni ya kumpa nafuu ya marejesho mwanachama aliye katika vikao, ili deni na tiba viende pamoja. Na kwa kuwa mteja wa Jumatatu Namanga upande wa Kenya anaweza kuwa Arusha Alhamisi, nchi jirani zikubaliane karatasi moja ya rufaa, kwa Kiswahili, inayotambulika pande zote mbili.

Ajenda za mikutano ya vyama vya mpakani huwa na ushuru, vizuizi na usumbufu wa barabarani. Mkutano ujao uongeze kipengele kimoja: nani atamsikiliza mwanachama aliyepoteza mzigo, naye amefundishwa njia ngapi?