Kurudisha ziwa lililokatwa si mapambo

Ndugu watumikaji, na ninyi mama zetu wa makambi na wa mitaa, mu mikutano ya sendika tunasemaka mushahara, tunasemaka prima, bote, maski ya vumbi, basi ya watu wa zamu ya usiku. Ziwa la mama halisemwaka. Likitajwa, wanaume wanacheka ao wanaangalia chini. Lakini kanseri ya ziwa njo kanseri inayoshika wanawake wengi kupita zingine zote duniani, na iko mu nyumba zetu. Mama akiipata, mara nyingi munganga anamukata ziwa lote ili aokoe maisha yake. Siku kidonda kinapokauka, kompani inafunga dosye. Sisi tunasema dosye haijaisha.

Tuanze na sheria, juu wakubwa wa kazi wanasikiaka sheria kupita machozi. Code ya kazi ya inchi yetu, ile sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamulazimisha mwenye kutoa kazi atunze mutumikaji pamoja na familia yake wakati wa ugonjwa: munganga, upasuaji, dawa, kulala ku lupitalo. Inataja hata miwani na vyombo vya proteze, kama munganga ameviomba. Musome vizuri. Haisemi proteze ni ya muguu na mukono tu.

Lakini karatasi tumeziona. Munganga ameomba bibi ya mutumikaji atengenezewe ziwa, karatasi inapanda ku biro ya kompani (jina tunaliacha), inarudi na neno moja juu yake: «esthétique». Yaani mapambo, kama vile kusuka nywele ao kupaka rangi ku kucha. Mwenye kuliandika ametumia sekunde mbili. Mutumikaji akikatika mukono ku mukanda wa mashine, nani anamuambia mukono wa bandia ni mapambo? Akichomwa na asidi ku uso, nani anamuambia abaki hivyo, juu macho bado yanaona? Kitu kilikuwa mu mwili, ugonjwa ao kazi imekitosha, munganga anajaribu kukirudisha. Hiyo ni matunzo.

Sasa tufasirie kidogo namna wanganga wanavyofanya, juu wengi wetu tunasikia «kutengeneza ziwa» na tunafikiri ni mambo ya matajiri wa televisheni.

Njia ya kwanza haina kisu hata. Ni ziwa la bandia linalowekwa mu sutie, lenye uzito sawa na la upande mwingine. Watu wanadharau uzito huo. Mama aliyebaki na ziwa moja zito, upande mumoja unavuta, mugongo na shingo vinauma, libaya linakaa upande. Leo mama zetu wengi wanajaza kitambaa ao pamba mu sutie, na wakiinama ku soko kitambaa kinapanda mupaka ku shingo. Njia ya pili ni mufuko wa silikoni unaowekwa chini ya ngozi. Ya tatu ni kuchukua nyama ya mama mwenyewe, ya mugongo ao ya tumbo, na kuijenga kifuani. Ni upasuaji mukubwa na wa masaa mengi.

Na kuko ile ya mafuta, tunayotaka kuikawilia, juu njo inaandikwaka «esthétique» mbio kupita zote. Munganga analaza mugonjwa, anaingiza mrija mwembamba wa chuma mu mafuta ya tumbo ao ya mapaja, ananyonya. Mafuta yale hayaingizwi vile vile. Yanasafishwa ao yanazungushwa mu mashine mupaka yanagawanyika. Watu wa usine watafahamu mbio, ni kama dekanta yetu: juu kunapanda oili ya vichembe vilivyopasuka, chini kunashuka damu na maji, katikati kunabaki mafuta mazuri. Hayo ya katikati njo yanarudishwa kifuani na mrija mwembamba, kidogo kidogo, kila mustari na njia yake. Kwa nini kidogo kidogo? Juu mafuta ni kitu chenye uzima, yanaishi na damu. Mama wa shamba anajua: vijiti vya mihogo hauvitupi vyote mu shimo moja. Ukirundika mafuta pahali pamoja, yale ya katikati hayapati damu, yanakufa, yanageuka uvimbe mugumu.

Hata kazi ikifanywa vizuri, sehemu ya mafuta mwili unaimeza mu miezi ya kwanza. Inaweza kuwa tatu ku kumi, inaweza kufika nusu. Njo maana mama anarudi ku sale ya upasuaji mara mbili, mara tatu, pengine zaidi, na kati ya mara na mara wanangojaka miezi kama tatu. Mama mwembamba sana anaweza kukosa mafuta ya kutosha. Na akikonda kiisha, ziwa nalo linakonda, juu mafuta yale yanabaki na tabia ya tumbo yalikotoka. (Hapo mama mumoja wa kambi alituambia basi heri bukari isipungue mu nyumba.)

Faida yake iko wapi? Kwanza ku ngozi. Mama aliyepita mu radioterapi, ngozi ya kifua inakuwa ngumu, inashikamana na mbavu, inavuta. Wanganga wameona kama mafuta yakiingia chini yake, mara nyingi ngozi inalegea na maumivu yanapungua. Pili, yanasahihisha kazi za zamani: ziwa lililojengwa na silikoni ao na nyama ya mugongo, lakini kuko penye kubonyea, kuko penye makali ya mufuko yanaonekana chini ya ngozi. Mafuta yanajaza pale. Na kuko mama ambaye ziwa lote linajengwa na mafuta peke yake. Mu Uholanzi watafiti waligawa wanawake kwa kura, wengine mafuta, wengine silikoni. Matokeo yalitoka mu 2023: kiisha mwaka mumoja, wale wa mafuta walifurahia ziwa lao kupita wale wa silikoni, hata kama walirudi ku upasuaji mara nyingi.

Wale wa biro watasema ni mambo mapya, ya kujaribu. Hapana. Mu 1895 munganga Czerny, mu Ujerumani, alichukua uvimbe wa mafuta usio mubaya kutoka mu mwili wa mugonjwa na kujaza nao ziwa alilolipasula. Mu 1987 chama cha wapasuaji wa Marekani kilikataza mafuta mu maziwa, juu waliogopa uvimbe na vichembe vigumu vitachanganya picha za mamografi. Woga huo haukuwa wa bure. Lakini Coleman mu New York alifundisha namna ya kuingiza mafuta kwa uangalifu, Delay alianza mu Lyon mu 1998, wagonjwa wakafuatwa miaka, na mu 2009 Wamarekani wale wale wakatosha katazo lao. Mu Ufaransa mamlaka yao ya afya ilikubali kazi hiyo mu 2015. Tena Marekani iko na sheria tangu 1998: bima ya kazi inayolipa kukata ziwa inapaswa kulipa pia kulijenga, na kusawazisha la upande mwingine, na proteze, na matunzo ya mukono unaovimba. Kompani zingine zinazochimba kobalti na shaba yetu ziko na makao ao wauzaji wa hisa mu inchi za namna hiyo. Kwao si mapambo. Kwetu inageuka mapambo namna gani?

Tuko na neno kwa wale wanaotuambia tungoje: «Kwanza mamografi, kwanza dawa, wanawake wanafika ku lupitalo wamechelewa, na ninyi munasema mambo ya kutengeneza.» Ni kweli wanafika wamechelewa, na kupimwa mapema njo kwa kwanza, hatubishani. Lakini muulize mama kwa nini anaficha kivimbe miezi munane. Anaogopa kufa, ndiyo. Anaogopa pia kukatwa na kubaki hivyo, bwana amurudishe kwao. Mama akijua kuna kitu kiisha kisu, anakuja mbele. Na ku mine hakuna mutu anatuambia tuchague kati ya kaske na bote.

Hapa tugeukie wanaume wenzetu. Kuko wanaoingiza bibi mwingine mbele kidonda cha kwanza hakijapona. Tunawajua, tunateremuka nao mu shimo. Bibi aliyepika usiku ili ushike basi ya saa kumi, leo unamuita «nusu»? Bure kabisa. Na tusidanganyane upande mwingine: ziwa linajengwa kwa mapenzi ya mama, si juu bwana ametuma. Kuko mama anayesema, mimi niko sawa hivi, sitaki kisu tena. Huyo karatasi yake imeisha, na hakuna mutu wa kumusukuma.

Tena tahadhari. Mu miji yetu kuko watu wanaochoma sindano mu matako na mu maziwa, mu vyumba vya saluni, na silikoni ya maji ao na mafuta yasiyojulikana. Hiyo si kazi tunayosema. Watu wanakufa nayo. Mafuta ya kurudisha ziwa ni ya mwili wa mama mwenyewe, ni ya mupasuaji aliyejifunza, mu sale safi, kiisha munganga wa kanseri kusema matunzo yamekwisha na hakuna alama ya ugonjwa. Wanganga wengi waliofuata wanawake hao hawakuona kanseri inarudi kwao kupita kwa wengine, lakini kufuatwa hakuishi: mafuta yakiacha kivimbe, ni ekografi, pengine sindano ya kuchota kipande, ndipo itajulikana ni oili ao ni kitu kingine. Kila kivimbe kipimwe. Mutu asimuambie mama «ni mafuta tu» kwa macho.

Wazee wetu wa Union Minière na Gécamines wanakumbuka wakati ambapo lupitalo, maternité na gunia la unga vilikuwa sehemu ya kazi. Hatusemi ule ulikuwa paradiso. Ulikuwa na fimbo yake pia. Lakini kiisha 2003, wakati watumikaji zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka na ile «départ volontaire», familia nzima zilipoteza munganga siku moja. Kompani zilizokuja kiisha zilileta klinike nzuri zenye ukuta mweupe, na orodha ndefu ya mambo ambayo klinike hailipi. Na watu wa sous-traitance, wao orodha yao ni fupi: karibu hakuna kitu. Sheria ya kazi lakini haitofautishi. Mwenye kukusainisha mukataba njo mwenye kulipa munganga wako na wa bibi yako.

Wanaobaki inje kabisa ni bibi za creuseurs. Wao hawana bwana wa kazi wa kuulizwa. Kwao tunaona mulango mumoja: Code ya mine iliyobadilishwa mu 2018 inaomba kila kompani iweke angalau 0,3 ku mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pembeni ya mine. Mara nyingi watu wanafikiria shule na visima, na ni vizuri. Tunaomba wanawake wakae mu vikao vya kuchagua, na waombe mashine ya mamografi yenye mutu anayejua kuisoma, na masomo ya wapasuaji wetu wa Lualaba na Haut-Katanga, ili mama asivuke Kasumbalesa na deni la jamaa nzima.

Mu mazungumuzo ya konvansio yanayokuja, tutaweka ku meza mambo haya. Proteze ya inje na sutie yake, mbele mama hajatoka ku lupitalo, na kubadilishwa zikichakaa. Matunzo ya mukono unaovimba kiisha kutoshwa tezi za kwapa, juu mama huyo bado anabeba maji. Kujengwa kwa ziwa kwa yule anayetaka, kwa njia munganga anayoona inafaa, mafuta na silikoni na nyama, mara zote zinazohitajika, pamoja na transpor. Na neno «esthétique» lisiandikwe na mutu wa biro ambaye hakumupima mugonjwa.

Wenye kuwa na karatasi zilizorudishwa, muzilete kwa delege wenu mbele ya mwisho wa mwezi. Mufanye fotokopi mbili: moja ibaki nyumbani, moja ije kwetu, na jina la mama lifunikwe.