Papa Anapokuwa Kitini

KALAMU YA RWEKAZA

Ukitaka kuwagombanisha Mkatoliki na jirani yake Mlokole, tamka tu kwamba Papa hawezi kukosea. Mlokole atacheka. Mkatoliki atavimba, na mara nyingi atatetea jambo ambalo Kanisa lake halijawahi kulifundisha. Wote wawili wanagombania kiti ambacho hawajakitazama.

Kiti chenyewe kinaitwa kathedra. Neno ni la Kigiriki, likapitia Kilatini, na maana yake haina makuu: pa kukalia. Zamani zile mwalimu alifundisha akiwa ameketi. Yesu mwenyewe, anavyosimulia Mathayo, alipanda mlimani, akaketi, ndipo akaanza kufundisha. Askofu naye akawekewa kiti chake cha kufundishia, na kanisa lenye kiti hicho likawa kathedrali. Sisi tumezoea kuliita kanisa kuu, tukadhani ukuu ni wa paa na minara. Parokia inaweza kuwa na jengo kubwa mara tatu, lakini kama kiti cha askofu hakimo, hiyo si kathedrali. Hata Basilika la Mtakatifu Petro, na fahari yake yote, si kathedrali ya Papa. Kathedrali yake ni Mtakatifu Yohane wa Laterano, upande mwingine wa Roma. Leo XIV alichaguliwa tarehe 8 Mei 2025, na tarehe 25 mwezi huohuo akaenda Laterano kukikalia kiti chake.

Kwetu kiti cha namna hii kinajulikana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere, ambacho Profesa Issa Shivji alikuwa wa kwanza kukikalia, mwaka 2008. Sidhani waliokipa jina walikuwa wakimfikiria Papa, lakini kathedra ni hiyohiyo. Heshima ni ya kigoda. Mkalia kigoda akienda sokoni, anayosema kuhusu bei ya dagaa ni maneno ya mnunuzi kama wewe na mimi.

Ndiyo maana sikukuu ya tarehe 22 Februari huwa inanikera kidogo. Kwa Kilatini ni sikukuu ya kiti cha Petro. Kwa Kiswahili cha kanisani tunaiita Ukulu wa Mtakatifu Petro. Jina linapendeza, ila kiti kimepotea, umebaki ukubwa peke yake.

Sasa twende 1870. Tarehe 18 Julai, Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulipiga kura huku radi zikiunguruma juu ya Basilika. Waliokubali walikuwa 533. Waliokataa wawili: Luigi Riccio wa Cajazzo, Italia, na Edward Fitzgerald wa Little Rock, Marekani. Usidanganyike na hesabu hiyo. Makumi ya maaskofu waliopinga walikuwa wamekwisha kuondoka Roma ili wasimkatalie Papa Pius IX machoni pake. Wale wawili nao waliukubali uamuzi mara tu ulipopitishwa.

Walipitisha nini? Kwamba Papa hakosei anaposema ex cathedra, yaani kutoka kitini. Wakayataja masharti yake: aseme kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, kwa mamlaka yake kuu ya kitume, juu ya imani au maadili, na awe anatoa uamuzi ambao Kanisa zima linapaswa kuushika. Yote kwa pamoja. Wapo waliotaka kubwa zaidi ya hapo, hawakulipata. Tangu siku ile, tamko lililotolewa waziwazi kwa namna hiyo ni moja tu: la Pius XII kuhusu Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 1 Novemba 1950. Na kabla ya kulitoa aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima mwaka 1946 akiwauliza wao na waumini wao wanaamini nini.

Mengine yote, mahojiano ndani ya ndege, mahubiri ya asubuhi, hata nyaraka nzito, yana uzito wake, na Mkatoliki anatakiwa kuyapokea kwa heshima. Ila hayamo katika kutokukosea. Yohane XXII alihubiri mwaka 1331 kwamba roho za wenye haki hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu. Wanateolojia wa Paris wakamjia juu, naye akaukana msimamo huo mwaka 1334, muda mfupi kabla ya kufa.

Na hatuhitaji kurudi mbali hivyo. Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikano ilitoa tamko Fiducia Supplicans, lililoruhusu mapadre kuwabariki wenzi wa jinsia moja nje ya ibada rasmi. Vijiweni nilisikia ya kila aina: Papa ameshasema, basi imekwisha, au, Papa ameshasema, basi Ukatoliki umekwisha. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, rais wa shirikisho la maaskofu Katoliki wa Afrika na Madagaska, akatoa barua kwamba kwa ujumla maaskofu wa bara hili hawaoni kuwa baraka hizo zinafaa kutolewa kwao. Ndani ya barua hiyo akaeleza kwamba inatoka kwa ridhaa ya Papa Fransisko, yuleyule aliyeliidhinisha tamko. Wale wa “ameshasema, imekwisha” sikuwasikia tena wiki ile.