Maumivu ya hedhi Mathare na mvuto wa dawa za Kichina

MWANAMKE wa Mathare anayesumbuliwa na maumivu makali ya hedhi hakosi washauri. Shangazi atamwambia avumilie, jirani atampendekezea chai ya tangawizi na chupa ya maji moto, na mwenye duka la dawa kando ya Barabara ya Juja atamuuzia tembe mbili za kutuliza maumivu. Kisha atatokea mchuuzi mwenye kifurushi cha maandishi ya Kichina, adai kwamba kinasafisha kizazi na kurekebisha damu.

Kati ya hao wote, ni mchuuzi pekee anayemwahidi kwamba atapona. Hapo ndipo penye siri ya mvuto wa dawa hizo, na ndipo pia penye hatari.

Tiba ya asili ya Kichina yenyewe si ya kubezwa. Kwa karne nyingi waganga wa China wamefundisha kwamba hedhi hutegemea mwendo wa damu na nguvu ya uhai waiitayo qi. Vitu hivyo vikizuiwa au vikipoa, wanasema, mwanamke huumwa. Vikitiririka, maumivu hutoweka.

Ndiyo sababu hushauri joto, sindano nyembamba zinazochomwa kwenye sehemu maalum za mwili, na mizizi kama danggui. Mzizi huo ni mmojawapo wa viungo vinne vya dawa ya kuchemsha iitwayo Si Wu Tang, ambayo imetumiwa na wanawake wa China tangu enzi ya watawala wa Song.

Mkazi wa Mlango Kubwa au Mabatini hataona ugeni mkubwa katika maelezo hayo. Nyanya yake alijua faida ya joto na tangawizi pasipo kufika Beijing.

Hata hivyo, kukubalika kwa dawa ni jambo moja na kuthibitishwa kwake ni jambo jingine. Watafiti wa mtandao wa kimataifa wa Cochrane walipochunguza majaribio ya mitishamba ya Kichina dhidi ya maumivu ya hedhi mwaka wa 2008, walipata dalili za kutia moyo, lakini wakalalamikia udhaifu wa majaribio mengi. Mwaka wa 2016 walitazama tiba ya sindano na kusema ushahidi uliopo hautoshi kutoa uamuzi.

China yenyewe imeonyesha njia ya kuvuka kutoka imani hadi uthibitisho. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma maandishi ya kale ya waganga, akauchunguza mmea wa pakanga katika maabara na kusaidia kupatikana kwa artemisinin, dawa ambayo imeokoa maisha ya mamilioni ya wagonjwa wa malaria. Kwa kazi hiyo alituzwa Nobel mwaka wa 2015.

Mambo huharibika pale hatua ya kuchunguza inaporukwa. Mjini Brussels, Ubelgiji, mapema miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza uzani walianza kuharibikiwa na figo. Ilibainika kwamba mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umechukuliwa badala ya mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, na ule uliotumiwa ulikuwa na sumu. Zaidi ya wanawake 100 waliathirika.

Kenya nayo ina mfano wake. Vidonge vya kupanga uzazi vijulikanavyo kama Sophia, ambavyo humezwa mara moja kwa mwezi, vilipigwa marufuku baada ya kupatikana na viwango vya juu vya homoni za levonorgestrel na quinestrol. Licha ya marufuku hiyo, viliendelea kuuzwa kichinichini jijini Nairobi.

Baadhi ya wauzaji walivinadi vidonge hivyo kama mitishamba. Ukweli ni kwamba homoni hizo hutengenezwa viwandani, na hazina uhusiano wowote na mizizi ya Si Wu Tang. Maandishi ya Kichina kwenye pakiti yaligeuzwa kuwa cheti cha uasilia, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuyasoma.

Swali basi ni kwa nini wanawake huendelea kununua. Sehemu ya jibu imo katika sera za serikali.

Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa ya kwanza duniani kuondoa ushuru wa VAT kwa sodo, mwaka wa 2004. Mwaka wa 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilifanyiwa marekebisho ili wasichana katika shule za umma wapewe sodo bila malipo. Baadaye ilifuata sera ya usafi wa hedhi ya 2019 hadi 2030.

Hatua hizo zinastahili pongezi, hasa katika mitaa ya mabanda ambako maji hununuliwa kwa mtungi na choo hutumiwa na familia nyingi. Lakini zote zimejikita zaidi kwenye damu na usafi. Maumivu yameachiwa mwanamke mwenyewe, na pengo hilo ndilo linalojazwa na mchuuzi.

Isitoshe, aibu ingali inafunga midomo. Februari 2023, Gloria Orwoba, wakati huo akiwa seneta maalum, alitakiwa kuondoka katika ukumbi wa Seneti kwa sababu suruali yake ilikuwa na doa lililoonekana kuwa la hedhi. Ikiwa hayo yanaweza kumpata mtunga sheria, msichana wa Kiamaiko atapata wapi ujasiri wa kumweleza daktari kwamba huzirai kila mwezi?

Kimya hicho kina gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana endometriosisi, hali ambapo utando unaofanana na ule wa ndani ya kizazi huota nje yake. Wengine wana uvimbe kwenye kizazi. Wanaposhauriwa kuvumilia, au wanapotumia vifurushi kwa miaka, ugonjwa huendelea bila kutambuliwa.

Madaktari hushauri kwamba maumivu yanayomzuia mtu kwenda shuleni au kazini kila mwezi, damu inayotoka kwa zaidi ya siku saba, au inayolowesha sodo kila saa, yapelekwe hospitalini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa pia kujihadhari na danggui, kwa kuwa inaweza kuzidisha kutokwa na damu.

Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua tiba ya asili na tiba mbadala, na ikaagiza kuundwe chombo cha kuzisimamia. Agizo hilo litakuwa na maana kwa mkazi wa Mathare siku atakapoweza kujua kilichomo ndani ya pakiti, aliyekisajili na wa kumshtaki kikimdhuru.

Mganga wa kweli wa tiba ya Kichina hana sababu ya kuuogopa usimamizi kama huo, maana utamtenga na walaghai wanaotumia jina lake. Nazo zahanati za mtaa zingeanza kwa kumuuliza kila msichana kama huumwa anapopata hedhi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini anayefichua naye anahitaji kupata mtu wa kumsikiliza.