Vitz Yangu Si Subaru, na Haitaki Kuwa

Tazama beji. Kaa siku moja ya soko kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, uhesabu magari madogo yanayopita yakiwa na jina la gari lingine mgongoni. Demio yenye herufi za STI, ambazo ni za Subaru. Nissan March inayojiita GT-R. Vitz kama yangu, injini ya lita 1, imebandikwa stika ya V8 inayong'aa kuliko taa zake, na dereva amekaza uso kama mtu asiyetaka kuulizwa swali.

Sisi wa mpakani kazi hii tunaijua. Ni kazi ya kuhamisha sukari usiku kutoka gunia moja hadi lingine, ikifika asubuhi imekuwa sukari ya nchi nyingine. Gunia ni jipya, sukari ni ileile, na kila mtu sokoni anajua.

Kabla hujaniambia niache vijana wafurahie, nikuambie mimi ni nani. Ni mwalimu, naishi upande wa Kocholia, na gari langu ni Vitz ya mwaka 2008 ambayo nimeigusa kila mahali. Springi si zile ilizotoka nazo Japani. Tairi si zile. Chini ya injini kuna bamba la chuma lililokatwa na kuchomelewa hapahapa Malaba. Viti vimeshonwa upya, rangi imebadilishwa kutoka fedha hadi kijani cha majani ya chai, na logbook ikabadilishwa pia, maana sheria inataka hivyo na mimi sipendi mazungumzo marefu barabarani. Jumamosi zangu ziko kwa fundi. Kwa hiyo sisemi kama shangazi anayekemea kutoka dirishani. Nasema kama mtu wa ndani, na ninachosema ni kwamba wengi wetu hapa haturekebishi magari madogo. Tunayaficha.

Tunayaonea haya. Ati Vitz ni gari la wanawake. Sawa, mimi ni mwanamke, kwa hiyo hilo halinipi shida. Naona linawapa shida wanaume wenye Vitz. Ati ni gari la kwenda soko. Kwani wewe unaenda wapi? Ati haina nguvu. Hapo ndipo ninapotaka tukae chini kidogo, kwa sababu watu wanaodharau injini hii hawajawahi kuisoma.

Injini ya Vitz ndogo ya kizazi changu inaitwa 1KR-FE. Ina silinda 3 na ujazo wa cc 996. Kuanzia 2007 hadi 2010, miaka 4 mfululizo, ilishinda tuzo ya kimataifa ya injini bora katika daraja la zile zisizozidi lita 1. Wahandisi waliifanya nyepesi makusudi, inywe kidogo, izunguke kwa wepesi. Ina nguvu farasi takriban 70. Hiyo ndiyo tabia yake. Sasa mtu anachukua kitu kama hicho, anakata ekzosi, anang'oa sega lililo ndani, anafunga bomba pana kama la lori, kisha anapita Amagoro saa nne usiku. Mlio unaotoka si wa Subaru, ndugu yangu. Silinda 3 zikipewa bomba la aina hiyo zinalia kama kinu cha posho kilichokosa mahindi. Watoto wanaamka. Na lile sega lina platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake, ndiyo maana kuna watu wanaozunguka gereji wakiliulizia. Umelipa fundi akutolee kitu cha thamani, pengine ukamwachia hapohapo, na ulichopata ni kelele na moshi mchafu.

Springi ni mbaya zaidi. Kijana anaona kwenye simu gari lililoshushwa hadi linabusu lami, huko Osaka au hata Nairobi, anaenda kwa fundi, fundi anashika grainda na kukata mizunguko miwili ya springi. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Lakini springi iliyokatwa haikuwa fupi tu, imekuwa ngumu pia, na haikai vizuri kwenye kikombe chake. Shokabsoba inafanya kazi mahali haikutengenezewa. Halafu gari hilo linatoka gerejini na kukutana na nini? Matuta. Mashimo yaliyochimbwa na malori yaliyosimama foleni ya forodha tangu jana. Barabara ya murram ya kwenda kwa shangazi yake Angurai, mwezi wa nne, mvua imenyesha. Sampu inagonga jiwe, oili inamwagika taratibu, na mwenye gari hajui kwa sababu ekzosi yake inapiga kelele kiasi kwamba hawezi kuisikia injini ikilia. Si mfano wa kubuni huu. Nimesaidia kusukuma gari la namna hiyo na viatu vyangu vya kazi.

Mimi niliinua. Si kwa zile spesa za plastiki zinazowekwa juu ya shokabsoba na kupindisha pembe za ekseli hadi mipira yake ipasuke. Fundi wangu aliagiza springi nzito kidogo kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, zikaja na basi la usiku, na shokabsoba za kulingana nazo. Tairi nikatoka 165/70 nikaenda 175/70 kwenye rimu ileile ya inchi 14. Ukipiga hesabu, tairi hiyo ni kubwa kwa karibu asilimia 2.4, yaani kipenyo kimeongezeka milimita 14 na gari limepanda milimita 7. Pia mshale ukisoma 80, mimi niko 82. Ni jambo dogo, lakini mtu anayebadilisha tairi na hajui hilo hajabadilisha tairi, amenunua tu mpira mpya. Wanaocheka kwamba Vitz yangu imesimama kama kuku anayevuka matope, waache wacheke. Kuku huyo anavuka.

Mjomba wangu ana hoja nyingine. Yeye huhesabu kila kitu kwa ng'ombe. "Hizo springi na tairi, mwanangu, ni ndama huyo." Nampa heshima yake na namjibu hivi: ng'ombe wako, mjomba, humchanji? Humkati kwato? Unamnunua mnadani na kumwacha alivyo? Hajanijibu bado.

Kuna na wale watakatifu wa gari "orijino". Hao ndio wananichosha kabisa. Gari likitoka Japani, wanasema, usiliguse. Haya. Redio ya gari la Kijapani imetengenezewa masafa ya FM ya kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Wiki ya kwanza tu, kila mwenye gari hapa anatafuta kile kidude cha kupanua masafa ili asikie habari. Wewe mtakatifu, unacho. Yule dada wa Kijapani aliyekuwa akikukumbusha kila asubuhi kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za Tokyo, ulimnyamazisha. Sheria ya Kenya inakubali gari la kuingizwa lisilozidi miaka 8, kwa hiyo wengi wetu tunapokea gari lililokwisha kuwa na mwenyewe, lenye dalili za mgongo wake kwenye kiti. Orijino ni ipi hapo? Magari yetu yote yamebadilishwa. Swali ni yamebadilishwa yafanane na nini.

Na kwa jambo hili Busia haifai kujifunza kutoka Osaka. Boda boda ilizaliwa hapa. Miaka ya 1960 na 1970 watu walihitaji kuvuka kile kipande kilicho kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, mbali kidogo kwa miguu ukiwa na mzigo, na gari lingetaka makaratasi. Wenye baiskeli wakawa wanaita wateja kwa jina la mpaka wenyewe, boda, boda. Walichobadilisha kwenye baiskeli ni kariya ya nyuma: waliifunga mto, ikawa kiti. Basi. Hawakuipa baiskeli jina la pikipiki. Leo neno hilo linaeleweka Kampala, Nairobi na mbali zaidi, na limehamia kwenye pikipiki lenyewe, na lilianza kwa mto mmoja uliowekwa na mtu aliyefikiria makalio ya abiria wake. Huo ndio ukoo wangu katika kazi hii.

Tena, kwa wale wa beji ya STI, mnaijua Subaru kweli? Safari Rally ya 1993, Subaru ilileta Kenya magari madogo aina ya Vivio, injini ya cc 660. Ndogo kuliko ya Vitz yangu. Ilikuwa na mtambo wa kusukuma hewa ndani ya injini na ilivuta kwa magurudumu manne, sawa, haikuwa ya dukani. Lakini ilikuwa gari dogo lililoandaliwa kwa barabara zetu na halikujifanya kingine. Moja aliendesha Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1995, haikumaliza. Nyingine aliendesha Mkenya, Patrick Njiru. Ilifika, nafasi ya 12, na ikashinda daraja lake. Kama unataka kubandika kitu cha Subaru kwenye Demio yako, bandika picha ya Vivio hiyo. Nitakununulia soda.

Nimesikia jibu lenu, nalo ni "ni pesa yangu". Pesa ni yako. Springi zako zikikuvunja mgongo, mgongo ni wako. Taa si zako.

Hapa sitanii. Mtindo wa siku hizi ni kununua balbu nyeupe kali, za LED au za xenon, na kuzichomeka kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida ya halojeni. Kioo cha ndani ya taa hiyo kilipimwa kwa waya mdogo wa halojeni ulio mahali fulani hasa. Ukiweka chanzo kingine cha mwanga, miale inatawanyika ovyo, inapanda juu, inaingia machoni mwa anayekuja. Aliyeinua gari, kama mimi, ameinua na taa, asipozishusha upya ni kosa lilelile. Sasa fikiria nani anakuja mbele yako usiku kwenye barabara hizi nyembamba zisizo na taa. Ni mwendesha boda na mama aliyebeba mtoto anayeelekea hospitali. Ni mzee na baiskeli isiyo na kiakisi. Mtu akipofushwa na mwanga haoni barabara kwa sekunde kadhaa, na kando ya barabara kuna lori limeegeshwa bila alama ya pembetatu. Mwanafunzi wangu mmoja alifika shule wiki mbili na bandeji kichwani kwa sababu baba yake, akiwa kwenye pikipiki, aliona weupe mtupu kisha akaona mtaro. Gari lenyewe lilipita. Ilikuwa gari ndogo, aliniambia mtoto, yenye kelele.

Wenye Probox nao wasifikiri nimewasahau. Ninyi mlianza vizuri. Springi za nyuma mliongeza kwa sababu ya mizigo, na Probox, tangu ilipotoka 2002, ni gari la kazi, hakuna uongo hapo. Lakini springi zilizoongezwa kwa ajili ya mahindi sasa zinabeba watu kumi na mmoja, wawili wakiwa kwenye buti wamekunja magoti kama vitanda vya kambi. Na kwa sababu yenu, na ya wabeba magendo wanaotumia ujanja huohuo, kila gari dogo lililoinuka nyuma linasimamishwa. Afande mmoja alinisimamisha hivi majuzi.

"Madam, mbona gari imesimama hivi? Umebeba nini?"

"Madaftari, afande. Ya darasa la sita."

Akafungua buti, akakuta madaftari, akasoma insha moja hadi mwisho, akasema mtoto huyu ameandika vizuri. Nilikubali. Lakini nilichelewa, na sitaki kuzoea kuchelewa kwa dhambi za Probox.

Mafundi wetu nao, na nawapenda, wana deni. Fundi anayeweza kushona bamba la chuma likakaa chini ya injini bila kutetemeka ana akili ya kumwambia mteja hapana. "Hii sikati, kijana, itakuumiza." Maneno manne. Daktari wa mifugo huwa anasema. Fundi cherehani huwa anasema. Fundi wa magari anaogopa mteja atavuka barabara kwa fundi mwingine, na kweli atavuka, lakini atarudi akivutwa kwa kamba.

Kama una Vitz, March, Demio, Passo, chochote kidogo, na unataka kukianzisha, anza na taa kwa sababu hazigharimu kitu. Tafuta ukuta mweupe na mahali tambarare. Egesha gari karibu kabisa na ukuta, uweke alama ya chaki penye kitovu cha kila taa. Rudi nyuma hatua kumi, uwashe taa za chini. Mpaka wa juu wa mwanga ukae chini kidogo ya zile alama. Ukiwa juu, kuna skurubu nyuma ya taa ya kuushusha, na bisibisi ya kawaida inatosha. Ukuta wa bwalo la shule yetu ni mweupe, na Ijumaa jioni mlinzi ananiruhusu kuutumia. Chaki ninazo.