Fundi Alipwe kwa Kutafuta, Si kwa Kubahatisha

Miongoni mwa gharama zinazomkausha mwenye gari kuukuu katika nchi hii, hakuna iliyo chungu kama ile ya kununua kipuri kisichohitajika. Petroli ni ghali, lakini walau humfikisha mtu aendako. Kipuri kilichonunuliwa kwa kubahatisha hakimfikishi popote. Nasema hivi kwa sababu yamenikuta.

Wakati wa kiangazi gari langu lilishikwa na maradhi ya ajabu. Asubuhi lilitoka Kitale likiwa zima kabisa, likapita Kiminini na Kamukuywa bila kinyongo. Tulipokaribia Webuye, jua likiwa limepanda, injini ilianza kukohoa. Mafundi wetu husema gari kama hilo “linamisi”, yaani silinda mojawapo inakosa kuwaka wakati wake unapofika. Kufikia Bungoma lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Wakati wa kurudi, katika mwinuko wa kuelekea Kitale, hali ilizidi kuwa mbaya. Lakini kesho yake alfajiri, baada ya kulala kwenye baridi, liliwaka na kunguruma vizuri kana kwamba halijawahi kuugua.

Nililipeleka kwa fundi mjini Kitale asubuhi na mapema, kabla ya shughuli za siku. Alisikiliza injini kidogo, akasema ni plagi. Nikanunua nne. Juma lililofuata akasema ni chujio la petroli. Kisha injekta zikasafishwa. Hatimaye pampu ya petroli ikahukumiwa, ikang'olewa na kutupwa. Nilikuwa nimetumia zaidi ya shilingi 20,000, na gari lilikuwa lingali linamisi.

Ningaliweza kuichukulia hasara hiyo kuwa ya mfuko tu, lau si jambo lililotokea siku moja kati ya Webuye na Bungoma. Barabara hiyo, kama ijulikanavyo, ndiyo inayobeba malori yaendayo Malaba. Nilikuwa nimempakia mama yangu mzazi, nami nikajaribu kulipita lori moja. Katikati ya tendo hilo nguvu za injini zikapotea, na mbele yetu linakuja lori jingine. Nilirudi nyuma ya lile la kwanza kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Mama hakusema neno hadi tulipofika.

Alasiri hiyo hiyo, huko Bungoma, nilielekezwa kwa fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya mwembe. Nilimweleza kwamba nimekwisha badilisha hiki na kile. Hakushughulika na orodha yangu. Aliniuliza maswali: Huanza saa ngapi? Hutokea likipanda mlima au likiwa limesimama? Ukilizima, hukaa muda gani kabla ya kupona? Je, mvua ikinyesha hubadilika? Kisha akaniambia, “Mzee wangu, sasa limepoa, siwezi kulitibu. Lirudishe kesho saa saba mchana. Tutalizungusha mpaka liugue.”

Kesho yake tulikwenda nalo Kanduyi na kurudi juani, boneti likiwa limefungwa. Lilipoanza kumisi alichomeka kifaa kidogo cha kusomea kumbukumbu za kompyuta ya gari. Alama ikatokea P0303, maana yake silinda ya 3 haiwaki. Nilidhani kazi imekwisha. La, hasha. Alieleza kwamba alama hutaja silinda, haitaji kipuri. Akazima injini, akabadilishana koili ya silinda ya 3 na ile ya silinda ya 1, akafuta kumbukumbu, tukazunguka tena. Safari hii alama ikawa P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili! Tulinunua koili moja tu, na mpaka leo gari halijakohoa.

Yafaa msomaji aelewe kwa nini kasoro hiyo ilijificha Kitale. Koili huupandisha umeme wa betri wa volti 12 hadi maelfu ya volti, aghalabu zaidi ya 20,000, ili cheche iruke kwenye plagi. Ndani yake mna nyaya nyembamba za shaba zilizotenganishwa kwa utando usiopitisha umeme. Shaba ikipashwa moto kutoka nyuzi 20 hadi 100, ukinzani wake kwa umeme huongezeka kwa karibu theluthi moja. Na utando uliozeeka, wenye ufa mdogo usioonekana, hupanuka kwa joto na kuuacha umeme utorokee pembeni. Tena gari likipanda mlima silinda hujaa hewa zaidi, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka. Ndiyo sababu mwinuko ulilishinda.

Basi tazama nchi yetu ilivyo. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takriban mita 1,400. Tofauti hiyo peke yake huongeza joto la hewa kwa nyuzi 3 hivi. Ongeza jua la mchana, na injini iliyokwisha kwenda mwendo mrefu. Fundi wa Kitale alipimiwa gari likiwa limepoa, katika mji wa baridi, saa ya baridi. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Sisemi kwamba alikuwa mwizi. Nasema kwamba hakuwahi kuusikia ugonjwa aliokuwa akiutibu.

Wala simwambii mwenye gari linalomisi akimbilie dukani kununua koili, kwani huko kutakuwa ni kubahatisha kule kule. Pampu inayochoka, injekta, na kile kipima mzunguko wa shafti ya injini, vyote vyaweza kugoma kwa joto na kupona kwa baridi. Dawa ni kupima wakati ugonjwa upo.

Lakini kiini cha jambo hili hakiko kwa mafundi peke yao. Yule mzee wa Bungoma aliponitajia shilingi 1,000 kwa kazi ya kutafuta, kabla hajagusa kipuri chochote, nilikunja uso. Mimi, niliyekwisha lipia pampu nzima bila kunung'unika! Huo ndio ugonjwa wetu sisi wenye magari. Tunalipia chuma kwa sababu chuma huonekana, lakini hatutaki kulipia maarifa. Fundi naye ana watoto wanaotaka chakula. Akijua kwamba halipwi ila auze au afunge kipuri, atakitaja kipuri hata kabla hajajua.

Magari yetu mengi yalikwisha tumika Japani kabla ya kufika hapa, na kanuni za Kenya huyaruhusu kuingia yakiwa na umri usiozidi miaka 8. Baada ya hapo huishi nasi miaka mingi mingine, utando wa nyaya zake ukizeeka kila siku. Maradhi ya namna hii yatazidi, hayatapungua.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache. Mwenye gari aandike saa, mahali na hali ya hewa kila ugonjwa unapotokea, na alipeleke gari linapougua, si saa inayomfaa yeye. Apatane na fundi ujira wa uchunguzi kabla ya ule wa matengenezo. Fundi naye akatae kutaja kipuri kabla ya kukithibitisha. Vyuo vyetu vya ufundi vya Kitale, Sang'alo na Kisiwa vimfundishe kijana kuuliza kabla ya kufungua. Na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayowapima mafundi kwa madaraja, ihakikishe kwamba mtahiniwa hapewi daraja kwa ustadi wa kufunga tu, bali pia kwa uwezo wa kuigundua kasoro iliyojificha.

Pampu yangu iliyotupwa haikuwa na kosa lolote. Kila niionapo barabara ile ya Malaba nakumbuka kwamba shilingi 1,000 za uchunguzi zingalitosha kumwepusha mama yangu na ule mzaha wa mauti.