Wanaofika Usiku Nao ni Wanamichezo

Oktoba 2024, katika mji wa Kailua-Kona, Hawaii, Mjerumani Patrick Lange alitwaa ubingwa wa dunia wa Ironman kwa saa 7, dakika 35 na sekunde 53. Hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ameimaliza njia ile kwa kasi hiyo: kuogelea kilomita 3.8 baharini, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote siku moja. Lange alipokata utepe, mamia ya washiriki wenzake walikuwa hata hawajavaa viatu vya kukimbilia. Hao ni watu wa ridhaa, wenye kazi zao na familia zao. Walikuwa na safari ya kufika jua likizama, wengine saa nne usiku, wengine wakikaribia saa sita.

Kurasa za michezo huishia kwa mshindi. Zinapaswa kubaki hadi usiku, kwa sababu hawa wa nyuma wana jambo ambalo Afrika Mashariki inalihitaji kuliko bingwa mwingine.

Mchezo huu, unaoitwa triathloni, ulianzishwa na watu wa ridhaa katika masafa yake marefu. Ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, John Collins, na mkewe Judy walikuwa wakiishi Hawaii, ambako wanamichezo walibishana nani ana mwili imara zaidi: mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Wakaunganisha mashindano matatu ya kisiwa cha Oahu yakawa mbio moja, ndiyo Ironman. Tarehe 18 Februari 1978 wanaume 15 waliingia majini Waikiki na 12 wakamaliza. Gordon Haller alishinda kwa saa 11 na dakika 46, muda ambao leo maelfu ya watu wenye ajira za kawaida huushinda.

Kwa mtu wa ridhaa, mbio huanza miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Ratiba za mazoezi mara nyingi hudai saa kumi au zaidi kwa wiki. Saa hizo hukatwa kwenye usingizi wa alfajiri na kwenye Jumamosi ambayo watoto walikuwa wanaingoja. Mwenzi anayebaki na watoto naye yumo katika mbio hizo, ingawa hapewi medali.

Siku ikifika, majini hakuna mstari wa kufuata. Mshiriki anainua kichwa kila baada ya mikono kadhaa kutafuta boya, huku miguu ya walio mbele ikimrushia maji usoni. Muda wa kutoka majini una ukomo: kwa kawaida saa 2 na dakika 20. Kwenye baiskeli yuko peke yake kwa sheria, maana mshiriki wa ridhaa haruhusiwi kujificha kwenye kivuli cha upepo cha aliye mbele. Umbali wa kuachiana ni mita 12, na anayeukiuka huadhibiwa. Hapo ndipo mbio nyingi zinapoharibikia, kwa kuwa misuli ina akiba ya nguvu ya saa chache tu. Asiyekula kwa kipimo akiwa juu ya baiskeli atalipa deni kwenye marathoni. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi naye hupunguza chumvi ya damu, hali inayoweza kuua. Kisha anashuka, na miguu iliyozoea kuzunguka kwa saa sita, saba, nane, inaombwa kukimbia.

Mwaka 1982 mwanafunzi wa chuo Julie Moss alikuwa akiongoza wanawake wenzake katika Ironman ya Kona, miguu ikamkatika karibu kabisa na mwisho. Kathleen McCartney akampita. Moss akatambaa kwa mikono na magoti hadi akafika, wa pili, mbele ya kamera za televisheni. Picha hizo ndizo zilizoujulisha ulimwengu mchezo huu.

Kanuni inayowashika watu wote hao ni moja: mashindano mengi ya Ironman humpa mshiriki muda wa saa 17. Ni zaidi ya mara mbili ya muda wa Lange. Muda huo ndio uliomwezesha Mtawa Madonna Buder wa Marekani, aliyeanza kukimbia akikaribia miaka 50, kumaliza mbio za Kanada mwaka 2012 akiwa na miaka 82. Ndio uliomwezesha Chris Nikic, kijana wa miaka 21 wa Florida, kuwa mtu wa kwanza mwenye hali ya Down kumaliza Ironman, Novemba 2020, kwa saa 16 na dakika 46. Kona kuna desturi nzuri: mabingwa hurudi usiku kuwapokea wa mwisho.

Kwetu riadha ni ngazi ya kutoka katika umaskini, na tunajivunia hilo kwa haki. Lakini asiye na kipaji cha kuuza huambiwa akiwa kijana kwamba michezo imemwisha, na kuanzia hapo anakaa jukwaani. Presha na kisukari vinapomkuta akiwa na miaka 45, daktari anamwambia afanye mazoezi, bila kumwonyesha pa kuyafanyia.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa matajiri. Ni kweli ada na baiskeli za mashindano makubwa zinamshinda mfanyakazi wa kawaida. Hata hivyo umbali unaweza kupunguzwa. Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, iliandaa Ironman ya nusu masafa Agosti 2022. Ile ya Olimpiki ni fupi zaidi: kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli, 10 kwa miguu. Na baiskeli ya kawaida, yenye breki nzima, inatosha kuanzia.

Kikwazo kikubwa ni maji. Tumezungukwa na Victoria, Tanganyika, Kivu na Bahari ya Hindi, na bado watoto wengi wa pwani na maziwani hawakufundishwa kuogelea. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya kuzama majini hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nungwi, Zanzibar, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa na mavazi ya stara. Shule za Mwanza, Kisumu, Kigoma na Mombasa zinaweza kufanya hivyo bila kusubiri bwawa la vigae.

Halmashauri za miji hiyo zianze na mbio fupi mara moja kwa mwaka, barabara ikifungwa asubuhi na wavuvi wakilipwa kusimamia usalama kwa boti zao. Na waandaaji wanapotangaza tarehe, watangaze pia saa ya kufunga, iwe ya ukarimu, kisha wabakize maji, wauguzi na mtunza muda hadi dakika hiyo itimie.